Mulago, idara iliyojengewa jina karakanani

Jengo jipya la Hospitali ya Mulago, Kampala, lilifunguliwa mwaka 1962, Uganda ikipata uhuru. Chuo cha Makerere, kilichotumia Mulago kufundishia, ndicho kilichokuwa kikifundisha madaktari wa Afrika Mashariki nzima. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilikuja mwaka uliofuata, cha Nairobi mwaka 1967. Ungetarajia upande wa mifupa upate sifa kwa vyumba vyake vipya vya upasuaji. Jina lake lilitoka karakanani.

Ronald Huckstep, daktari Mwingereza aliyezaliwa China mwaka 1926, alifika Kampala mwaka 1960 akakuta watoto wa polio wanaotambaa kwa mikono na magoti. Wengine walishakuwa watu wazima, bado wanatambaa. Polio haivunji mfupa. Huua neva zinazoendesha misuli, na mguu uliokosa nguvu ukikaa umekunjwa miaka mingi, goti na nyonga hukakamaa katika mkao huo. Kuukunjua si upasuaji wa kutisha: kano zilizofupika hukatwa, mguu hunyooshwa taratibu, hufungwa hogo la plasta. Kazi huanza hogo likitolewa, kwa kuwa mguu ulionyooka bado hauna nguvu ya kumbeba mwenyewe. Unahitaji vyuma vya kuushikilia. Na vyuma vya kuagizwa Ulaya havikuwa vya mtoto wa mkulima, ambaye isitoshe hukua na kuvihitaji vipya.

Huckstep na mafundi wake wakavitengeneza karakanani kwa chuma cha kawaida, ngozi na mbao, vitu ambavyo fundi wa kijijini angeweza kuvikarabati. Mwaka 1967 akawa profesa wa upasuaji wa mifupa Makerere. Kitabu chake kuhusu polio, kilichotoka mwaka 1975, kilimlenga daktari wa hospitali ndogo asiye na bingwa wa kumuuliza. Wapasuaji wenzake humkumbuka zaidi kwa msumari wa mfupa wenye jina lake. Mimi naona vile vyuma ndivyo vilivyokuwa kazi kubwa.

Mwaka 1972 alihamia Sydney. Ni mwaka ambao Rais Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na Makerere ikapoteza walimu wengi.

Miongoni mwa familia zilizoondoka ilikuwamo ya Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda aliyeugua polio utotoni, baadaye akawa bingwa wa mifupa Canada. Aliporudi kusaidia, hoja haikuwa polio tena, bali nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa. Njia ya daktari Ignacio Ponseti huzinyoosha kwa mahogo yanayobadilishwa kila wiki, kisha kwa kawaida mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha viatu maalumu vya usiku kwa miaka kadhaa. Pirani alibuni kipimo cha ukali wa kupinda huko, chenye dalili 6 zinazokaguliwa kwa macho na vidole tu. Mpango wa kitaifa ulipoanza mwaka 2004, waliofunga mahogo hawakuwa mabingwa, ambao Uganda ilikuwa nao wachache mno, bali maofisa tabibu wa mifupa.

Leo wodi za mifupa za Mulago zimejaa majeruhi wa bodaboda. Paja lililovunjika hutibiwa kwa uzito wa kuvuta mguu, mgonjwa amelala wiki kadhaa, au kwa msumari ndani ya mfupa. Mulago imetumia misumari iliyobuniwa kwa hospitali zisizo na eksirei ndani ya chumba cha upasuaji: skrubu hulengwa kwa fremu ya chuma inayokaa nje ya mguu.