Gita la Umeme Kati ya Arua na Koboko

Kamati ya gazeti hili iliniambia niandike historia ya muziki katika ushirika wetu. Nikawajibu hiyo ni kubwa kwangu, mimi si mtu wa chuo kikuu, nina cheti cha shule ya Biblia tu. Lakini gita nalijua. Nilipiga solo miaka mingi kabla sijashika kipaza sauti cha kuhubiri. Basi nitakuandikia jambo moja tu: vile gita la umeme lilifika kwetu, na vile lilitusumbua kukaa kwenye sauti moja. Kuna kosa langu pia ndani yake, utalikuta mbele.

Kabla ya gita sisi watu wa West Nile hatukuwa watu wa mikono mitupu. Tulikuwa na adungu, ile ya ndugu zetu Waalur: mti uliochongwa kama bakuli, ngozi juu yake, shingo iliyopinda kama upinde, na nyuzi zimefungwa kwenye vijiti vya kuzungusha. Makanisa mengi yamezitengeneza kubwa na ndogo, mpaka ile kubwa inafanya kazi ya besi. Sasa angalia jambo hili. Mpiga adungu hulinganisha nyuzi zake kwa sikio, akimfuata anayeimba. Kama mwimbaji leo ana mafua, adungu inashuka naye. Hakuna aliyewahi kuuliza sauti ya La ni ngapi. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipofika Arua mwaka 1918 walituletea nyimbo za vitabu, lakini hata hizo wazee wetu waliziimba kwa kimo cha koo zao.

Gita lilitujia kutoka magharibi, kutoka Kongo. Huko liliingia kupitia bandarini na kwenye migodi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu wa kurekodi nyimbo za Afrika, alimkuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akipiga gita kavu kwa vidole na kuimba Kiswahili. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1950 Mbelgiji mmoja, Bill Alexandre, aliingiza gita la umeme katika studio za Léopoldville. Chombo chenyewe kilikuwa bado kichanga hata Marekani. Rickenbacker walianza kuuza gita lao la umeme mwaka 1932, Fender akatoa lake la mbao nzima mwaka 1950, na ile Stratocaster ambayo vijana wetu wote wanaitamani ilitoka 1954. Kufika 1956, Franco na wenzake walipoanzisha OK Jazz, umeme ulikuwa umeshakamata muziki wa Kongo, na redio ikauvusha mpaka huku kwetu.

Najua wengine mtasema, mwinjilisti, hizo ni nyimbo za baa. Ndiyo, za baa. Lakini vidole vya wapigaji wetu wa kwanza vilijifunza hapo, na nikificha hilo nitakuwa naandika uongo kwenye gazeti la kanisa.

Halafu ukaja mwaka 1977. Septemba ya mwaka huo serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku madhehebu 27, na Wapentekoste walikuwa ndani ya hesabu hiyo. Amin alikuwa Mkakwa, Koboko ni kwa watu wake, lakini marufuku haikupita pembeni ya Koboko. Wazee wanasimulia walivyoomba ndani ya nyumba kwa sauti ya chini. Ngoma haikupigwa, gita ndiyo usiseme. Mwaka 1979 Amin akaanguka, na 1980 vita ikashuka West Nile yenyewe. Watu wakavuka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan. Mimi nilizaliwa uhamishoni, upande wa Aru. Kiswahili changu ni cha huko, ndiyo maana nikiandika wahariri wanahangaika kidogo.

Kule uhamishoni ndiko kanisa letu lilikutana na gita la umeme uso kwa uso. Wakongomani walikuwa nalo tayari makanisani: solo, besi, na lile la katikati. Watu walipoanza kurudi katikati ya miaka ya 1980 walirudi na nyimbo hizo, na wachache walirudi na gita. Spika zilichongwa na fundi seremala. Umeme ulikuwa wa jenereta. Ujue kwamba Arua ilikaa miaka mingi bila umeme wa kutegemewa. Bwawa dogo la Nyagak, la megawati 3.5, lilianza kazi mwaka 2012 tu.

Hapa lazima nisahihishe jambo ambalo hata wachungaji walikuwa wanalisema: gita likikosana na waimbaji, wanalaumu jenereta. Hapana. Jenereta haiwezi kulitoa gita kwenye sauti. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, unazaa umeme kidogo ndani ya waya ule, na amplifaya inaukuza. Jenereta ikikohoa, sauti itapungua au itanguruma. Lakini kimo cha sauti kinazaliwa kwenye uzi wenyewe: unene wake, urefu wake, na vile umekazwa. Ndiyo sababu pia ukifunga nyuzi za nailoni za adungu kwenye gita la umeme, sumaku haisikii kitu.

Na uzi wa chuma una tabia zake. Ukipata joto unarefuka, sauti inashuka. Asubuhi mnalinganisha chini ya mwembe, saa sita jua la Koboko limepiga jukwaa, na gita limeshuka lote bila mtu kuligusa. Uzi mpya unavutika siku mbili tatu kabla haujatulia. Uzi wa zamani una kutu na jasho, hata ukilinganisha vizuri ukiwa wazi, ukibana kule juu kwenye shingo unatoa sauti nyingine. Tena kuna ule mfupa mdogo wa kichwani ambao nyuzi zinapita kwenye mifereji yake. Uzi ukikwama pale, unazungusha ufunguo na hakuna kitu, unazungusha tena, hakuna, halafu katikati ya wimbo unaachia ghafla, tiii, na umeaibika.

Sasa kosa langu.

Ilikuwa mkutano wa injili Koboko, wakati barabara ya kutoka Arua bado ni vumbi. Sisi wa Arua tulikuja na kibodi, ya kwanza kwetu, na tulijivuna nayo sana. Kibodi inatoka kiwandani ikiwa na La ya mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo ambacho mataifa yalikubaliana London mwaka 1939. Ndugu wa ng'ambo walikuja na kwaya yao na mpiga solo, mtu mzima, umri wa baba yangu. Wimbo wa kwanza wa pamoja ulipoanza, gita lake na kibodi yetu vilipigana. Siyo kidogo, nusu toni nzima. Watu wakaanza kugeuka. Mimi ndiye nilikuwa kiongozi wa vyombo. Nikamwendea mbele ya watu wote nikamwambia, "Papa, zima kwanza, gita lako limekosea."

Akaniangalia. Akasema taratibu, "Mtoto yangu, gita yangu haina kosa."

Nikauchomoa waya wake mimi mwenyewe.

Hakubishana. Alikunja waya ule vizuri, akauweka begani, akaenda kukaa nyuma na akina mama. Jioni alikuwa ameshaondoka kabla ya chakula. Kwaya yake iliimba siku mbili zilizobaki bila solo, na mwaka uliofuata hawakuja. Tulisema ni kwa sababu ya mpaka, mara karatasi, mara nauli. Mimi nilijua.

Kama miaka miwili ikapita ndipo nikavuka Vurra kumtafuta. Sikuenda na maneno mengi. Alinikaribisha, chai ikaja, tukakaa mpaka nikasema nilichokuja kusema. Akacheka kidogo, akaniletea lile gita na kuniambia nilisikilize. Nikabonyeza uzi wa La kwenye freti ya 5, nikaufananisha na wa Re. Sawasawa. Nikaenda uzi kwa uzi, nikikumbuka kwamba wa Sol unabonyezwa freti ya 4 ili ufanane na Si. Nyuzi zote sita zilikuwa zinapatana kuliko gita langu lolote. Zilikuwa tu zimeshushwa nusu toni, zote pamoja, kwa makusudi.

Sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, nyuzi. Kule alikokuwa, uzi ukikatika unaweza kukaa mwezi ukingoja mtu anayekwenda mji mkubwa. Walishawahi kufunga nyaya za breki za baiskeli. Ukishusha nusu toni, mkazo wa uzi unapungua kama sehemu moja kati ya tisa, na uzi wenye kutu unaishi zaidi. Ya pili, sauti za waimbaji. Mama zake wa kwaya waliimba vizuri pale, hawakupiga kelele juu. Alikuwa anafanya kile mpiga adungu amefanya siku zote.

Halafu nikaona jambo jingine. Uzi wake wa nne, ule wa Re, ulikuwa mwembamba kama wa kwanza. Nikafikiri amekosa uzi mnene. Kumbe ni ile namna Wakongomani wanaita mi-composé: uzi wa nne unatolewa, unafungwa mwembamba unaolia oktava moja juu. Ndiyo inayotoa ule mlio wa kengele kwenye gita la katikati. Nilikuwa nimeusikia mlio huo tangu utotoni kule Aru bila kujua unatoka wapi, na siku ile jukwaani niliuita makosa.

Siku hiyo alinifundisha mengi kuliko miaka yangu yote ya kwaya. Kwamba unalinganisha daima kwa kupanda: ukipita, shuka chini kabisa halafu upande tena, kwa sababu uzi ulioshushwa unabaki na ulegevu kwenye ufunguo na utaendelea kushuka. Kwamba uzi mpya uvutwe kwa mkono, taratibu, mara nyingi, kabla ya ibada na siyo ndani ya ibada. Kwamba kwenye ile mifereji ya kichwani unapaka unga wa risasi ya penseli, uzi unateleza hauachii ghafla. Alikuwa na kipande cha penseli kwenye mfuko wa shati, kimechongwa mpaka kimebaki kama kidole. Kwamba gita lisiachwe juani wala karibu na jenereta yenye joto. Na kwamba kulinganisha ni kabla watu hawajaja, siyo wakati mchungaji anaomba. Hili la mwisho vijana wa leo hawalisikii kabisa.

Siku hizi mambo ni rahisi. Korg walitoa kipimo cha mkononi mwaka 1975, Boss wakatoa chao kinachotambua uzi chenyewe mwaka 1983, na leo simu yoyote ya Arua ina programu ya kulinganisha gita. Ni vizuri, navitumia. Ila kipimo kitakuambia uzi huu uko 440 au hauko. Hakijui wewe unapiga na nani. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho habari za vyombo visivyotoa sauti ya kupambanuka, 1 Wakorintho 14, kasome mwenyewe. Mimi nilihubiri andiko hilo mara nyingi kabla sijagundua kwamba siku ile Koboko chombo kilichochanganya watu kilikuwa kibodi yetu sawa na gita lake.

Maana, msomaji wangu, kibodi ina kitufe. Wapigaji wanakiita transipozi. Unabonyeza mara moja, kibodi yote inashuka nusu toni. Ni kazi ya sekunde mbili. Gita ukitaka lipande nusu toni, ni nyuzi sita za kuzungusha, na kama ni za zamani, mbili zinaweza kukatika palepale. Kitufe hicho kilikuwepo Koboko siku ile. Hakuna kati yetu aliyekuwa amesoma kile kijitabu cha maelekezo.

Mzee amelala katika Bwana. Gita lake analo mjukuu, kijana mpole mwenye mkono mzuri sana, na uzi wa nne bado ni mwembamba. Nyuzi siku hizi zinapatikana, angeweza kupandisha. Nilimuuliza kwa simu, akasema kwaya inalipenda pale babu alipoliacha.

Basi kwa wapigaji wote mtakaokuja kwenye maadhimisho: fikeni uwanjani saa tisa alasiri siku ya Ijumaa, kabla ya ibada ya kufungua, na nyuzi za akiba na penseli. Tutalinganisha kwa gita la ndugu wa Aru. Mpiga kibodi wetu wa Arua nimeshaongea naye, atashuka nusu toni.