Risasi

Risasi ni madini kwanza. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na ndiyo risasi iliyomo ndani ya betri ya gari. Siku hizi tunakiita hivyo pia kitu kizima kinachoingia kwenye chemba ya bunduki: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti, na kichwa. Kinachoruka ni kichwa tu. Ganda huokotwa chini na polisi.

Marekani, anayetembea na bastola kiunoni chini ya shati huchagua kichwa hicho kwa makini. Wengi hununua chenye tundu nchani. Kikigonga mwili hutanuka, kikapunguza mwendo, kisitokee upande wa pili kumpata mpita njia. FBI, shirika la upelelezi la huko, baada ya mapambano yao ya risasi na majambazi mjini Miami mwaka 1986, walitaka kichwa kizame inchi 12 hadi 18 kwenye jeli ya majaribio inayoiga mwili.

Ajabu ni kwamba risasi za kutanuka zilipigwa marufuku vitani na Azimio la The Hague la 1899. Wengine bado huziita dumdum, kwa jina la Dum Dum, karibu na Kolkata, palipokuwa na kiwanda cha silaha cha Waingereza.