Presha Ilipopanda Basi Kuja Nairobi

Mtaani kwetu presha ni ugonjwa wa wazee na wenye pesa. Mwambie kijana wa miaka 24 aende kupimwa uone vile atakucheka. Wengine wanasema ni mambo ya ukoo: kama baba alikuwa nayo, ngoja tu zamu yako. Nimekuwa nikisoma tafiti za zamani zilizofanyiwa humu humu nchini, na zinasimulia hadithi tofauti kabisa. Wahusika wake wakuu ni watu wa rika letu.

Tuanze mwaka 1929. Daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya kuwapima presha watu wapatao 1,000 katika eneo la Kenya ambalo serikali ya kikoloni ililitenga kuwa la "wenyeji". Hadi miaka 40 hivi, presha yao ilikuwa sawa na ya Wazungu. Baada ya hapo ya Wazungu ilizidi kupanda, ya hawa wetu ikashuka. Katika wagonjwa karibu 1,800 waliolazwa hospitalini mwake kwa miaka miwili, hakupata hata mmoja mwenye presha ya juu.

Maandishi ya kikoloni huwa nayasoma kwa tahadhari. Waliopimwa wamebaki kuwa namba tu. Tena tusijidanganye kwamba ushago wa wakati huo ulikuwa peponi. Malaria na njaa ziliua watu wengi. Lakini swali lilibaki palepale: kama presha iko kwenye damu yetu, mbona wazee wale hawakuwa nayo?

Jibu lilianza kuonekana miaka ya 1960. Daktari Gerald Shaper, aliyefanya kazi Makerere, aliwachunguza Wasamburu waliokulia kwa maziwa na nyama, na presha yao haikuwa ikipanda na umri. Kisha yeye na wenzake wakawafuata vijana wa Kisamburu walioandikwa jeshini. Kule walilishwa mgao wa serikali, wenye chumvi nyingi kuliko waliyoizoea nyumbani. Presha ikapanda. Damu ni ileile, ukoo ni uleule, sahani ndiyo iliyobadilika.

Utafiti ulionigusa zaidi ulitoka mwaka 1990 kwenye British Medical Journal. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo zaidi ya 300, wa miaka 15 hadi 34, waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya wakaja Nairobi kutafuta maisha. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Hawakungoja uzee ili kuona tofauti. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha ya wageni hawa ilikuwa juu kuliko ya waliobaki.

Mkojo wao ulieleza mengi. Sodiamu, ile iliyo kwenye chumvi, ilikuwa imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu, ambayo hutoka kwenye mboga, viazi vitamu, ndizi na maharagwe. Uzito ulikuwa juu, na moyo ulipiga kwa kasi zaidi. Mwili wenye sodiamu nyingi huzuia maji, damu inaongezeka, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu. Potasiamu huisaidia figo kuitoa sodiamu hiyo. Ukila ya kwanza nyingi na ya pili kidogo, mishipa inaumia polepole bila wewe kuhisi chochote, hadi siku ya kiharusi au mshtuko wa moyo.

Nikifika hapo huwa nakataa kumlaumu yule kijana. Nairobi ya kikoloni ilimpa mfanyakazi Mwafrika nafasi ya kitanda, ikidhani mke, shamba na jiko vitabaki ushago. Posho ilikuwa unga. Osuga na viazi vitamu vilivyochimbwa nyuma ya nyumba havikupanda basi pamoja naye. Mimi naishi bedsitter yenye meko moja, nafika nyumbani saa tatu usiku, na chips za hapo chini tayari zimenyunyiziwa chumvi kabla sijafungua mdomo. Ninaishi ndani ya historia hiyo, na pengine wewe pia.

Ndiyo maana takwimu za utafiti wa kitaifa wa 2015 hazikunishangaza: karibu robo ya Wakenya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Hata hivyo, historia hii imenipa moyo kuliko kunitia hofu. Kilicholetwa na sahani kinaweza kupunguzwa na sahani. Ukipunguza chumvi, kwa kawaida presha huanza kushuka ndani ya wiki chache. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu iliyo kwenye mkate, soseji na viungo vya pakiti. Mwambie wa chips asinyunyize. Mama mboga hukatakata managu na terere hapo hapo, kwa bei ya smokie mbili tatu. Githeri ya maharagwe haina ushamba wowote. Shuka matatu stegi moja kabla ya yako utembee. Sigara achana nayo. Na kama daktari ameshakuandikia dawa, usiziache kwa sababu umeanza kula mboga.

Halafu nenda ukapimwe. Ni kitambaa mkononi na dakika chache tu. Wale vijana wa miaka ya themanini hawakuhisi kitu presha yao ilipoanza kupanda. Bila kipimo, wasingejua.