Likizo ya Kuingia Kidato cha Nne: Sumbawanga Hakuna Kula Bata

Dogo wa Dar akimaliza kidato cha tatu anawaza Coco Beach. Wa Ufipa anawaza jembe. Sio adhabu, ni kalenda: shule zinafungwa Desemba, mvua zimeshaanza, na mahindi hayamsubiri mtu.

Mwaka 1967 Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea, jembe likaingia hadi shuleni. Baadaye Rukwa ikahesabiwa kati ya mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kisha katikati ya miaka ya 1980 ada za sekondari zikarudi, na hapo ndipo likizo ikawa jambo zito. Ukizembea Desemba, mavuno ni haba na ada hakuna. Shamba ndilo lililokurudisha darasani.

Mwaka 2016 ada ikafutwa shule za serikali hadi kidato cha nne. Sasa Desemba inagombaniwa na twisheni na simu. Ila sare, madaftari na nauli kwa familia nyingi bado vinatoka kwenye gunia lilelile.

Kwa hiyo dogo wa Sumbawanga akipotea mtandaoni Desemba, usimwite mshamba kwa dharau. Yuko shamba kweli, anatafuta mwaka wake wa mwisho.