Upinde Kati ya Kichwa na Lami: Historia ya Rolibaa, na Namna ya Kuchagua ya Kwako

Kuna gari dogo la wazi la viti viwili ambalo huenda umewahi kuliona, hata kama ni kwenye video tu: Mazda MX-5, lililozinduliwa Chicago mwaka 1989. Ni jepesi na halina makuu. Kwa sababu hiyo limekuwa kipenzi cha watu wanaokwenda nalo kazini Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi wanalipeleka kwenye uwanja wa mbio kujipima ubavu. Sasa jiulize: likipinduka, nini kinabaki kati ya kichwa chako na lami? Paa lake ni la kitambaa. Fremu ya kioo cha mbele peke yake si ya kutegemea ibebe gari zima. Kwa kifupi, kinachobaki ni shingo yako.

Ndiyo maana watu hufunga upinde wa bomba la chuma nyuma ya viti, kitu ambacho mafundi wa magari ya mbio hukiita rolibaa. Na hapo ndipo tatizo linapoanza. Sokoni kuna pinde za kila aina. Nyingine zitakuokoa, nyingine ni mapambo, na kwa macho tu si rahisi kuzitofautisha. Makala haya yanapitia historia ya kifaa hiki kabla ya kufika kwenye ushauri, na si kwa kupenda tu mambo ya kale. Kanuni nyingi za rolibaa ziliandikwa baada ya mtu kufa au kuponea chupuchupu. Ukijua kwa nini kanuni iliandikwa, utajua pia kwa nini huwezi kuipuuza.

Enzi za "bora nirushwe nje"

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madereva wengi wa mbio hawakutaka hata kusikia habari za mikanda. Waliamini kwamba gari likipinduka, heri urushwe nje kuliko kubaki ndani. Leo tunaweza kuwacheka, lakini hebu fikiria kwa utulivu. Kama hakuna kitu chochote kilicho juu kuliko kichwa chako, mkanda unakufunga mahali pale pale ambapo gari litakuja kulala. Kwa magari waliyokuwa nayo, hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Mkanda una maana pale tu penye nafasi ya kuishi, na nafasi hiyo haikuwepo.

Mmoja wa waliolitambua hilo mapema ni Barney Oldfield, dereva maarufu wa Marekani. Mwaka 1916 mwenzake, Bob Burman, alikufa kwenye mbio za Corona, California, akiwa kwenye gari la wazi. Mwaka uliofuata Oldfield akashirikiana na mjenzi Harry Miller kutengeneza gari lililofunikwa lote kama yai, lenye fremu ya kumkinga dereva ndani yake. Likaitwa "Golden Submarine". Wazo lilikuwa zuri, ila likaleta tatizo jingine: gari lilipopata ajali na kushika moto, kutoka ndani ilikuwa kazi. Paa likaja kukatwa. Kumbuka kisa hiki, kwa sababu mvutano huo haujaisha mpaka leo: kinga inayokuokoa katika ajali moja inaweza kukudhuru katika nyingine.

Indianapolis, 1958

Ilichukua miaka mingine 40 kwa upinde kuwa sharti kwenye mbio kubwa za magari ya wazi Marekani. Katika mashindano ya Indianapolis 500 ya mwaka 1958, mzunguko wa kwanza tu haujaisha, magari yakagongana kwa wingi. Gari la Pat O'Connor likapinduka, naye akafa. Mwaka 1959 wasimamizi wakaamua kwamba kila gari liwe na rolibaa nyuma ya kichwa cha dereva. Formula 1 ikafuata mwaka 1961.

Lakini tazama jambo moja. Kwenye picha za magari ya Formula 1 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, mara nyingi utaona upinde mdogo uliochomoza nyuma ya kiti, na kofia ya dereva ikiwa juu zaidi ya huo upinde! Sharti lilitimizwa, dereva hakukingwa. Ilibidi kanuni zirekebishwe baadaye ili upinde upite juu ya kichwa. Wala usidhani kosa hilo limezikwa huko. Pinde nyingi za mapambo zinazouzwa leo kwa magari ya wazi zina kasoro ile ile: zinang'aa, zinapendeza, na ni fupi kuliko anayekaa mbele yake.

Ushahidi kutoka shambani

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba upinde unafanya kazi haukutoka kwenye mbio. Ulitoka kwenye trekta. Trekta ni refu, zito, linapita kwenye miteremko na mitaro, na likipinduka humlalia anayeliendesha. Sweden iliamuru kuanzia mwaka 1959 kwamba trekta zote mpya ziwe na fremu au kibanda cha kukinga dereva, kisha baadaye ikabana hata trekta za zamani. Vifo vya kupinduka vilikuwa takriban 12 kwa kila trekta 100,000 mwaka 1957. Kufikia mwaka 1990 vilikuwa chini ya 1. Madereva hawakugeuka malaika katika muda huo, na milima ya Sweden haikusawazishwa. Kilichobadilika zaidi ni chuma kilichokuwa juu ya kichwa.

Kwenye magari ya kawaida, fikra hiyo hiyo ilikuja kwa njia nyingine. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliomba hataza mwaka 1951 ya gari ambalo sehemu ya abiria ni ngumu, huku pua na mkia vikiruhusiwa kubonyea. Mwaka 1965 Porsche ikaonyesha 911 Targa, gari la wazi lenye upinde mpana wa chuma nyuma ya viti, wakati watengenezaji wakihofia kwamba Marekani ingepiga marufuku magari ya wazi. Marufuku haikuja. Kilichokuja miaka ya 1970 ni kipimo cha nguvu ya paa: paa lihimili mara 1.5 ya uzito wa gari, na mwaka 2009 kikapandishwa hadi mara 3 kwa magari mepesi. Ila magari ya wazi hayakuhusishwa, maana paa la kupima halipo. Kwa hiyo mwenye gari la wazi akienda uwanjani, jukumu hilo linabaki mikononi mwake mwenyewe.

Kwa nini bomba, na kwa nini nene kiasi hicho

Tuingie kwenye fizikia kidogo, haitaumiza. Ugumu wa bomba dhidi ya kupinda hautegemei tu wingi wa chuma, bali chuma hicho kimekaa umbali gani kutoka katikati. Hesabu yake ni kipenyo cha nje kwa kipeo cha 4, toa kipenyo cha ndani kwa kipeo cha 4. Ndiyo siri ya mwanzi: ni mtupu ndani, mwepesi, lakini kuupinda ni shughuli.

Kanuni za FIA kwa upinde mkuu zinaruhusu bomba la kipenyo cha milimita 45 lenye unene wa milimita 2.5, au la milimita 50 lenye unene wa 2.0, la chuma lisilo na mshono. Chukua chuma cha lile la kwanza, ukifinyange kiwe nondo isiyo na tundu. Utapata nondo ya karibu milimita 20.6, uzito ule ule kwa kila mita. Lakini ukikokotoa, bomba ni gumu zaidi ya nondo hiyo kwa mara 8.5. Halafu linganisha mabomba mawili yenyewe: la milimita 50 ni jepesi kwa karibu asilimia 10 na bado ni gumu zaidi kwa asilimia 15. Upana unalipa kuliko unene, ilimradi usiwe mwembamba kiasi cha kujikunja kama kopo.

Hapa niseme wazi: bomba la maji si rolibaa. Kwa macho linafanana, fundi wa kuchomelea atakupindia kwa nusu saa, na rangi nyeusi itafanya lipendeze. Lakini hujui chuma chake kina nguvu gani wala mshono wake utaachia lini.

Miguu ndiyo inayosahaulika

Mwaka 1999, kwenye mbio za Nürburgring, gari la Pedro Diniz lilipinduka na upinde wake ukang'oka. Akapona. Mwaka 2022 pale Silverstone, gari la Zhou Guanyu likateleza likiwa kichwa chini na upinde ukasambaratika. Kilichomwokoa ni ile fremu nyingine inayozunguka kichwa, iitwayo halo. Magari yote mawili yalitengenezwa na wahandisi mahiri na yalikuwa yamepitishwa kushindana. Somo ni kwamba kupinduka si kuwekewa mzigo juu kwa upole. Gari linaburuzwa, ncha ya upinde inachimba ardhi, na nguvu inakuja kutoka mbele na ubavuni. Baada ya Silverstone, FIA ilidai sehemu ya juu ya upinde iwe ya mviringo ili isichimbe.

Kwa gari lako, tafsiri yake ni hii. Upinde bila mihimili ya kurudi nyuma utalala tu kama mlango. FIA inataka mihimili hiyo iinamie nyuma angalau nyuzi 30 kutoka wima. Na kila mguu wa upinde mkuu uwe na bamba la kuimarisha lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, pamoja na bolti zisizopungua 3. Kwa nini bamba kubwa hivyo? Ncha ya bomba la 45 kwa 2.5 ina chuma cha sentimita za mraba 3.3 tu. Bati la sakafu ya gari ni jembamba, karibu milimita 1. Ukilisimamisha bomba bila bamba, litatoboa sakafu kama kisigino chembamba kwenye udongo uliolowa. Bamba linagawa mzigo huo kwenye eneo kubwa mara 36.

Basi, uchague nini?

Anza na urefu. Kaa kwenye kiti chako ukiwa umevaa helmeti na kufunga mkanda. Mtu aweke mpini mnyoofu wa ufagio kutoka juu ya rolibaa hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Helmeti iwe chini ya mstari huo, na waandaaji wengi hudai ipungue kwa sentimita 5. Ukigusa, shusha kiti au tafuta upinde mrefu zaidi. Hakuna njia ya mkato.

Pili, muulize muuzaji maswali matatu: bomba ni la kipimo gani na chuma gani, mihimili ya nyuma inafungwa wapi, na mabamba ya chini ya sakafu yana ukubwa gani. Akijibu kwa habari za rangi na mng'ao, ondoka.

Tatu, kama gari bado linatembea barabarani, usikimbilie kizimba kizima cha mabomba. Uwanjani una helmeti, barabarani huna. Mtu akikugonga ubavuni kwenye makutano, bomba lililo karibu na sikio lako linageuka nyundo. Upinde ulio nyuma ya viti, ukiwa na sponji ngumu maalumu kila mahali kichwa kinapoweza kufika, ndio maafikiano ya busara kwa gari la matumizi mawili. Kizimba kiachie gari la mbio tupu.

Nne, mkanda na upinde viende pamoja. Mkanda wa mbio unaokubana mabega wima, bila upinde wa kweli juu yako, unakurudisha kwenye hoja ya wale wazee wa zamani: umefungwa mahali ambapo gari litalala. Na kwa safari za kila siku, uache mkanda wa kiwandani ubaki na ufanye kazi yake.

Yote haya yana gharama, najua. Kama fedha haitoshi kwa upinde wa kweli msimu huu, endesha barabarani tu kwa sasa, au uombe kupanda na mwenye gari lililokamilika. Usinunue wa mapambo kwa kusema "angalau kuna kitu". Kile kitu kitakupa ujasiri wa kuingia kwenye kona kwa kasi ambayo chenyewe hakiwezi kuibeba.