Munno na Wajibu wa Kalamu ya Kanisa

Kutoka Bugolobi, mashariki ya jiji la Kampala, mtu hukiona kilima cha Mbuya na kanisa Katoliki la Bikira Maria wa Afrika. Waumini wa eneo hilo ni warithi wa desturi ya zamani katika Uganda: kusoma habari za dini na habari za nchi katika ukurasa mmoja.

Desturi hiyo ilipata nguvu mwaka 1911, pale Mapadri Weupe, waliofika Buganda mwaka 1879, walipoanzisha gazeti la Munno kwa lugha ya Kiganda. Waanglikana walikwisha watangulia kwa gazeti lao la Ebifa mu Buganda, la mwaka 1907. Neno munno maana yake ni rafiki yako, nalo gazeti lilistahili jina hilo. Pamoja na mafundisho ya imani, lilichapa masimulizi ya koo na ya wafalme wa Buganda, yaliyoandikwa na Waganda wenyewe. Wanahistoria wa baadaye waliyarudia maandishi hayo, kwa kuwa wazee waliokuwa na habari hizo walikwisha fariki.

Yafaa ikumbukwe kwamba magazeti hayo pia yalibeba ubishi wa madhehebu. Wakatoliki na Waprotestanti hawakukubaliana hata juu ya namna ya kuandika Kiganda, mpaka mkutano wa mwaka 1947 ulipoweka kanuni moja ya tahajia. Hivyo msomaji alipata lugha moja ya maandishi, hata kama makanisa yalibaki mawili.

Lakini mtihani mkubwa ulikuja chini ya utawala wa Idi Amin. Mwezi Januari 1973, Padri Clement Kiggundu, mhariri wa Munno, aliuawa, na maiti yake ikakutwa ndani ya gari lake lililoteketezwa kwa moto. Miezi michache kabla, Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, naye Mkatoliki, alikamatwa mahakamani na hakuonekana tena.

Ni dhahiri basi kwamba gazeti la Kanisa si karatasi ya sala peke yake. Huhifadhi kumbukumbu ya watu, hulea lugha yao, na zinapofika siku za hofu, huwa miongoni mwa sauti chache zinazosikika. Munno limekwisha kutoweka. Deni la wasomaji kwa waandishi wake halijatoweka.