Safu ya Lugha: Huria si bure

Siku hizi wengi huandika "programu huria" wakimaanisha programu isiyolipiwa. Wanakosea. Huria limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uhuru. Bure ni bila malipo. Soko huria halitoi bidhaa bure, na wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hulipa ada.

Tofauti hiyo huonekana wazi kwenye viendeshi, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa vyake, kama kadi ya michoro. Kwa miaka mingi watumiaji wa mfumo endeshi wa Linux walipakua kiendeshi cha Nvidia, kampuni inayotengeneza kadi hizo, bila kulipa hata senti, lakini sehemu kubwa ya msimbo wake ilifichwa. Kilikuwa cha bure, si huria. Ndipo wanaprogramu wa kujitolea walipochunguza mwenendo wa kadi zenyewe, wakaunda Nouveau, kiendeshi kilichotoka pamoja na kiini cha Linux, yaani sehemu kuu ya mfumo huo, toleo la 2.6.33 mwaka 2010. Hicho ni huria kwa haki: yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza. Mei 2022 Nvidia nayo ilifungua msimbo wa sehemu ya kiendeshi chake inayofanya kazi ndani ya kiini. Basi tuseme bure tunapotaja bei, na huria tunapotaja haki ya mtumiaji.